Majaribio ya sayansi nyumbani

Majaribio ya sayansi nyumbani ni majaribio yanayofanywa nje ya maabara rasmi, kwa vifaa vinavyopatikana jikoni, dukani au uani: chupa za plastiki, ndoo, sufuria, limau, misumari, kitambaa, simu ya mkononi. Hufanywa na wanafunzi, wazazi, walimu wa shule zisizo na maabara, na watu wazima wanaotaka tu kujua jambo fulani linatokeaje.

Nchini Tanzania majaribio ya namna hii yana umuhimu wa pekee, kwa kuwa kwa miaka mingi shule nyingi za sekondari za kata zilifundisha fizikia, kemia na biolojia kwa ubao na chaki. Kuanzia mwaka 2012 serikali iliagiza kila shule ya aina hiyo iwe na vyumba vitatu vya maabara, lakini chumba peke yake hakina kipimajoto wala kemikali ndani yake. Walimu waliendelea kukata chupa na kuokota waya.

Mifano mingi katika makala hii inatoka mazingira ya Magu, wilaya ya Mkoa wa Mwanza iliyo kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma. Hapo maji ya ziwa, upepo na jua vyenyewe ni vifaa vya kutosha.

Jaribio na kiinimacho

Vitabu vingi vya watoto huita "jaribio" kila kitu kinachotoa povu au kubadilisha rangi. Onyesho la namna hiyo linafurahisha, ila bado si jaribio. Jaribio huanza na swali ambalo jibu lake halijulikani kwa anayeuliza, na linahitaji angalau vyombo viwili: kimoja kinachobadilishiwa kitu kimoja tu, na kingine kinachoachwa bila kubadilishwa ili kulinganishia. Mtu akitia dawa kwenye ndoo ya maji machafu, na maji yakaangaa baada ya saa mbili, hajajua bado kama dawa ndiyo iliyofanya kazi. Huenda tope lilituama lenyewe. Ndoo ya pili, yenye maji yaleyale, iliyokaa mahali palepale kwa muda uleule bila dawa, ndiyo itakayosema.

Sharti la pili ni kupima na kuandika. Kumbukumbu ya binadamu hupendelea jibu lililotarajiwa. Daftari lenye saa, kiasi na namba, pamoja na zile zisizopendeza, ni kifaa cha lazima kuliko kifaa kingine chochote. La tatu ni kurudia, kwa sababu tokeo la mara moja laweza kuwa bahati.

Mpemba na maziwa ya moto

Jaribio la jikoni lililojulikana zaidi duniani kutoka Afrika ya Mashariki ni la Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, wilayani Lushoto, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuyaacha yapoe, halafu kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ndani ya friza ilikuwa inaisha. Mwenzake aliweka maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye alisikia kutoka kwa rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga kwamba wao pia huanza na mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na swali lake likageuzwa kuwa kichekesho cha darasa. Hakuacha. Alirudia kwa maji, katika friji ya maabara ya biolojia. Dr. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule, Mpemba alisimama na kumwuliza: vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kwa nyuzijoto 35 na kingine kwa nyuzijoto 100, vikiwekwa kwenye friza, kwa nini cha moto hutangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, akaahidi kujaribu, na fundi wa maabara ya chuo akapata matokeo ya namna hiyohiyo. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha pamoja makala katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Jambo hilo sasa huitwa tukio la Mpemba, ingawa Aristotle alikwisha kulitaja zaidi ya miaka elfu mbili kabla.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti ulioshindwa kupata tofauti ya maana kati ya maji ya moto na ya baridi, na wakaonyesha kwamba tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto ndani ya chombo yaweza kuleta matokeo yanayodanganya. Kwa anayetaka kurudia jaribio hilo nyumbani, hili ni onyo la kiutendaji: vyombo lazima vifanane kwa umbo na ujazo, viwekwe kwenye kimo kimoja ndani ya friza, visikae juu ya barafu iliyoota (chombo cha moto huiyeyusha na kugusana vizuri zaidi na chuma), na iamuliwe mapema kama kinachopimwa ni wakati wa barafu kuanza kuonekana au wakati wa maji yote kuganda. Watu wengi hubishana kuhusu tukio la Mpemba kumbe wanapima vitu viwili tofauti.

Maji ya ziwa: kuangaa na kuwa salama

Kando ya Ziwa Viktoria swali la maji si la darasani tu. Mvua zinapoanza, mito kama Simiyu, unaoingia ziwani karibu na Magu, huleta tope, na maji ya kuchota huwa ya rangi ya udongo. Majaribio mawili rahisi hufanywa kwa maji hayo, na yanafaa yafanywe kwa kufuatana, kwa kuwa kila moja linatatua nusu ya tatizo.

La kwanza ni la mbegu za mlonge. Mbegu zilizokomaa na kukauka humenywa maganda, hutwangwa ziwe unga, na unga huo huchanganywa na maji kidogo safi katika kikombe na kuchujwa kwa kitambaa. Maji yale meupe kama maziwa humiminwa katika ndoo ya maji ya tope. Kipimo cha kuanzia ni mbegu moja kwa lita moja. Hukorogwa haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika tano au zaidi, halafu huachwa yatulie saa moja hadi mbili. Protini za mbegu zina chaji chanya, na chembe za udongo zina chaji hasi. Zinashikamana, zinakuwa nzito na kuzama. Ndoo ya pili isiyotiwa mlonge, lakini iliyokorogwa vilevile, huonyesha tope linalotuama lenyewe ni kiasi gani. Ndoo ya tatu na ya nne zaweza kupewa nusu mbegu na mbegu mbili kwa lita, ili kujua kipimo kinachofaa maji ya mahali hapo, maana tope la masika na la kiangazi si moja.

Kiasi cha uangavu hupimwa kwa gazeti. Chupa ya plastiki isiyo na rangi hujazwa maji, husimamishwa juu ya kichwa cha habari chenye herufi kubwa, na mtu hutazama kupitia mdomo wa chupa kwenda chini. Herufi zikisomeka, maji ni maangavu ya kutosha kwa hatua inayofuata. Zisiposomeka, yachujwe au yatuame tena.

Hapa ndipo watu hukosea, wakati mwingine kwa hatari. Maji yaliyoangaa yanaonekana kama ya dukani, lakini mlonge hauui bakteria wote. Wengi huzama na tope, na waliobaki waweza kuzaliana tena maji yakikaa. Macho hupima tope. Hayapimi vijidudu.

Jaribio la pili ni la kusafisha maji kwa jua. Njia hii ilichunguzwa na Aftim Acra na wenzake mjini Beirut, Lebanoni, mwishoni mwa miaka ya 1970, na kuendelezwa nchini Uswisi tangu 1991. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, bila karatasi ya nembo wala mikwaruzo mingi, hujazwa maji yaliyokwisha kuangaa na kulazwa juani, hasa juu ya bati. Saa sita za jua kamili zinatosha, kwa mfano kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, chupa hukaa siku mbili. Siku za mvua mfululizo njia hii haifai kabisa. Kinachoua ni miale ya urujuanimno ikisaidiana na joto, na maji yakipita nyuzijoto 50 kazi huenda haraka zaidi. Magu, iliyo nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, ina jua la kutosha. Chumvi, viuatilifu na kemikali nyingine haziondolewi na jua.

Njia hii ilipimwa kwa watu, si kwa chupa tu. Katika utafiti uliofanywa Kajiado, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1996 katika jarida la tiba la Lancet, watoto wa Kimasai 206 wenye umri wa miaka 5 hadi 16 walipewa chupa za plastiki. Nusu yao waliziweka juu ya paa, nusu wakaziweka ndani ya nyumba. Waliotumia paa walipata kuhara kidogo zaidi. Ni jaribio lilelile la ndoo mbili, ila kinacholinganishwa ni afya ya watoto.

Nyumbani mtu aweza kupima joto ndani ya chupa kila saa, kulinganisha chupa iliyo juu ya bati na iliyo juu ya mchanga, au iliyopakwa rangi nyeusi upande wa chini na isiyopakwa. Hawezi kuthibitisha kwamba maji hayana vijidudu; kipimo hicho ni cha maabara. Kwa sababu hiyo maji yaliyotumika katika majaribio yasinywewe kama matokeo yake, na kwa mtoto mchanga au mgonjwa maji yachemshwe.

Kuchota maji ya jaribio nako kuna tahadhari yake. Mkoa wa Mwanza ni miongoni mwa maeneo ambako kichocho kimeenea sana. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayekanyaga majini. Hakuna haja ya kuyanywa. Mtoto asitumwe kuingia ziwani au kwenye dimbwi kwa ajili ya jaribio. Vijidudu hivyo huishi nje ya konokono kwa muda usiozidi siku mbili hivi, ndiyo maana maji ya kuogea yaliyokaa saa 48 katika chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, hupunguza hatari hiyo.

Upepo wa ziwani katika visahani viwili

Wakazi wa pwani ya ziwa wanajua kwamba mchana upepo huvuma kutoka ziwani na usiku hugeuka. Sababu yake huonekana kwa sahani mbili za bati zinazofanana, moja ikiwa na maji, nyingine mchanga mkavu, kwa kina sawa. Zote huwekwa kivulini hadi joto lao lilingane, kisha juani, na kupimwa kila baada ya dakika kumi kwa muda wa saa moja, kipimajoto kikiwa kwenye kina kilekile. Baadaye hurudishwa kivulini na kupimwa tena. Mchanga hupanda haraka na kushuka haraka. Maji huenda polepole pande zote mbili. Kilo moja ya maji huhitaji joto karibu mara tano ya lile la kilo moja ya mchanga mkavu ili kupanda nyuzijoto moja.

Mchana, basi, nchi kavu ina joto kuliko ziwa, hewa yake hupanda na ya ziwani huja kushika nafasi. Usiku pepo kutoka pande zote za nchi kavu hukutana juu ya ziwa lililobaki na joto, na hewa yenye unyevu husukumwa juu. Ndiyo sababu kubwa ya dhoruba za usiku juu ya Ziwa Viktoria, na usiku ndio wakati ambapo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao.

Maji ya Magu huchemka kwa nyuzijoto ngapi?

Vitabu vya shule husema 100. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni ndogo kuliko pwani, hivyo maji huchemka yakifika nyuzijoto 96 hivi. Mwanafunzi wa Magu anayeandika 96 katika daftari lake hajakosea, na mwalimu anayemsahihisha kuwa 100 ndiye anayepaswa kutazama kipimajoto. Dar es Salaam ingekuwa karibu kabisa na 100. Kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, ni kama 80, na maharage huko yangekesha jikoni. Nyuzijoto 96 zinatosha kuua vijidudu vya magonjwa katika maji ya kunywa, ili mradi yatokote kweli kwa dakika moja.

Kipimajoto cha homa kisitumike: mwisho wake ni nyuzijoto 42 na kitapasuka. Kinachohitajika ni cha maabara, kinachofika 110, na ncha yake isiguse kitako cha sufuria.

Manjano, majivu na limau

Doa la pilau kwenye shati jeupe hugeuka jekundu linapopakwa sabuni. Manjano iliyomo katika chakula ni kiashiria: hubaki ya njano katika asidi na maji ya kawaida, na huwa nyekundu ya hudhurungi katika besi. Kijiko cha manjano huchanganywa na spiriti au maji ya moto, vipande vya karatasi nyeupe huchovywa na kukaushwa, kisha kila kimoja hudondoshewa kitu kimoja: maji ya limau, maji ya majivu yaliyochujwa, magadi ya kuungia mlenda, maziwa mgando, sabuni ya unga. Doa jekundu likidondoshewa limau hurudi kuwa la njano. Maua makavu ya rozela hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa sababu hubadilika pande zote mbili, nyekundu kwa asidi na kijani kwa besi.

Umeme wa limau ni jaribio maarufu lakini hueleweka vibaya. Msumari wa kuezekea bati, uliopakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba vikichomekwa katika limau moja bila kugusana hutoa volti 0.9 hivi. Kitaa kidogo chekundu cha LED huhitaji karibu volti 1.8, kwa hiyo malimau matatu au manne huunganishwa kwa mfululizo. Balbu ya tochi haitawaka, hata kwa gunia zima lililounganishwa hivyo, kwa kuwa mkondo ni mdogo mno. Umeme hautoki katika limau. Unatokana na zinki inayolika, na msumari ukitazamwa baada ya siku kadhaa utaonyesha hivyo.

Simu na kompyuta

Simu ya kawaida yenye kamera inaona kitu ambacho jicho halioni. Rimoti ya televisheni ikielekezwa kwenye kamera na kubonyezwa, nuru hafifu ya zambarau au nyeupe huonekana kwenye kioo: ni mwanga wa infraredi. Kamera ya nyuma ya simu nyingine huzuia mwanga huo, hivyo ijaribiwe ya mbele pia. Simu pia ni saa ya kupimia muda, na picha ya kila baada ya dakika kumi ya ndoo za mlonge, ikipigwa kutoka mahali palepale, ni ushahidi bora kuliko maelezo.

Kwa kompyuta, programu ya majedwali hutosha. LibreOffice hupatikana bure. Mtangulizi wake aliwahi kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyotolewa mwaka 2004 na mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayeanza hukumbwa na makosa machache yanayojirudia. Huandika "32 nyuzi" ndani ya kisanduku, na kompyuta huyaona kama maneno, isiweze kupata wastani. Kipimo kiandikwe kichwani mwa safu, kisanduku kibaki na namba tupu. Hufuta namba inayoonekana ya ajabu badala ya kuiacha na kuandika maelezo pembeni. Na husahau kuhifadhi kazi hadi umeme unapokatika. Faili lihifadhiwe tangu mstari wa kwanza, kwa jina lenye tarehe, na nakala iwekwe kwenye flashi.

Usalama

Umeme wa ukutani hautumiki katika jaribio lolote la nyumbani. Jiki haichanganywi na siki, limau wala dawa ya kusafishia choo, maana hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Betri za simu hazitobolewi wala kuwekwa juani, na asidi ya betri ya gari haishikwi na watoto. Jua halitazamwi kwa miwani ya kawaida, kioo kilichotiwa masizi wala kamera. Moto na maji yanayochemka yanahitaji mtu mzima aliyesimama palepale, na vyombo vilivyotumika kwa sabuni, spiriti au misumari havirudi kwenye kabati la chakula.